Mwani Hufuata Jiko

Mji wa Rinnabeg, ukiuuliza sifa zake, utakuchosha. Utaambiwa habari za ngome iliyo juu ya jabali, ambayo imebaki ukuta mmoja, na huo mmoja nao umeegemezwa vyuma. Utaambiwa habari za pango ambamo Wafaransa walificha mvinyo, ijapokuwa hakuna mtu wa Rinnabeg aliyewahi kuonja hata tone lake. Utaonyeshwa fukwe mbili, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake, ambazo padri mmoja wa zamani alizilinda kwa bakora watu wasichunguliane, na ukumbi wa dansi ambako nusu ya ndoa za wilaya ile zilianzia, na mahali ilipopita treni iliyoleta wakulima kwa mamia kabla reli haijang'olewa. Yote ni kweli, au yamekaribia kuwa kweli. Tabu ni kwamba yote yalikwisha. Kitu kimoja tu cha zamani kilikuwa bado kinafanya kazi, nacho ni nyumba ya bafu za mwani ya Dympna Considine.

Zamani nyumba kama hizo zilikuwa tano, zimepangana ufukweni, zikigombania wateja. Ikabaki ya Dympna, yenye bafu nane za chuma zenye miguu, na vyumba vidogo vya mbao vilivyonuka chumvi mpaka kwenye misumari. Dympna alizaliwa ghorofa ya juu ya nyumba ile, na sasa alikuwa na miaka sitini na tisa. Hakuolewa. Alipoulizwa kwa nini, alisema hakupata nafasi, kwa sababu kila maji yalipokupwa alikuwa mwambani na kila yalipojaa alikuwa jikoni akichochea moto. Aliyemsaidia ni Teasie Marrinan, mjane aliyesugua bafu zile miaka arobaini, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Maji yakipwa, Dympna alishuka na mundu, akakata ule mwani wa kahawia wenye meno kama ya msumeno, akiacha shina la upana wa kiganja ili uchipue tena. Mwani ukafukizwa mvuke mpaka ukalainika na kutoa utelezi wake, ukamwagiwa maji ya bahari ya moto, na mtu akaingia humo na viungo vyake vinavyouma akatoka saa moja baadaye akitembea kama mwenye nia ya kufika mahali. Wateja wengi walikuwa wakulima wazee. Walikuja hasa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, kwa kuwa watu wa pande zile wanaamini siku hiyo bahari ina dawa.

Sasa, mwamba wa Rinnabeg wote umegawanywa vipande tangu enzi za mababu. Hakuna ukuta wala kamba, lakini kila mtoto anajua kipande cha fulani kinaishia kwenye jiwe gani. Na haki ya kukata si ya mtu, ni ya nyumba, tena hasa ya jiko la nyumba hiyo. Mwani hufuata jiko, ndivyo wanavyosema. Ukihama unauacha, ukirithi nyumba unaurithi. Kuna koo mbili pale zilizonuniana miaka arobaini kwa ajili ya kikapu kimoja cha mwani, wakaketi kanisani pande mbili mbalimbali, wakazikana bila kupeana mkono.

Dympna aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma, na ndiyo maana kosa lake hana mtu wa kumsingizia. Kipande cha akina Considine hakikuwa cha nyumba ya bafu. Kilikuwa cha kibanda cha babu yao kule juu ya jabali, alikoishi mwishoni ami yake Pakie. Pakie alipokufa paa liliporomoka, magugu yakaota jikoni, kunguru wakazaliana ndani ya bomba la moshi. Miaka ikapita. Kisha boila ya kuchemshia maji ya bafu ikapasuka katikati ya kiangazi, na mwaka huohuo wakaja mke na mume kutoka mji mkuu, Dublin, akina Prendergast, wakalipenda gofu lile kwa sababu ya mandhari yake. Dympna aliwauzia. Karatasi zilisema nyumba na haki zake zote, za nchi kavu na za mwambani. Aliyasoma maneno hayo, akajiambia jiko lisilo na moto si jiko. Akatia saini, akanunua boila mpya. Aliuza mboga, akanunua sufuria.

Hakuna aliyegundua. Akina Prendergast walijenga upya, wakaja kila kiangazi, na kila walipomwona Dympna mwambani na mundu wake walimpungia mkono. Naye akawapungia. Miaka kumi na moja ikaenda hivyo, mpaka Machi moja Dympna alipokwenda kwa wakili Garvan Lillis kuandika wosia. Garvan alikuwa mtoto wa hapohapo, na alikuwa ameogeshwa katika bafu zile alipokuwa na pumu. Alizipitia karatasi mara mbili.

"Bi Dympna, kaa chini."

"Nimeshakaa, Garvan."

"Basi shika kiti."

Akamweleza. Dympna alisikiliza huku akitazama kalenda ya ukutani, yenye picha ya ngome yao ya ukuta mmoja. Bila mwani bafu zake zilikuwa maji ya moto tu, na maji ya moto kila mtu anayo kwake.

"Ipo njia," Garvan akasema. "Moja. Ukikata mwani mahali pa mwenzio miaka kumi na miwili, mchana kweupe, bila kujificha, bila ugomvi na bila kuomba ruhusa, haki inakuwa yako. Miaka yako inatimia tarehe ishirini na tisa Septemba."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu. Kwa hiyo kata kama ulivyokuwa unakata. Lakini nisikilize vizuri. Usiombe ruhusa. Ukipewa usiipokee. Usishukuru. Anayekata kwa ruhusa anakata kwa hisani ya mwenyewe, na hisani sheria haiihesabu. Ukisema asante moja tu, miaka yote kumi na miwili inakwenda na maji."

"Nisishukuru?"

"Akianza habari hizo, zungumza mvua."

"Mvua naiweza," Dympna akasema.

Mtu asiyeijua Rinnabeg ataona hilo ni jambo jepesi. Lakini pale mtoto hufundishwa kushukuru kabla ya kufundishwa kutembea. Ukikaribishwa chai unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu unakubali ukilalamika kwamba unasumbua watu. Ukishuka kwenye basi unamshukuru dereva, ukitoka kwa daktari unamshukuru hata akikwambia unakufa. Mama yake Dympna alikata roho akimwomba radhi muuguzi kwa usumbufu. Kumwambia mtu kama huyo asishukuru ni kumwambia asipige chafya.

Alimwambia Teasie, kwa kuwa asingeweza kulibeba peke yake.

"Miezi sita tu ukae kimya," Teasie akasema. "Mimi marehemu nilimnunia miaka miwili, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja."

"Huyu Hilary Prendergast ni mwema, Teasie. Hapo ndipo penye tabu."

"Mwema, mwema. Wema wake aupeleke Dublin. Kuna upungufu kule."

Tarehe kumi na tano Agosti ilipofika, wakulima walijaa kwenye benchi la ukumbini toka asubuhi, kofia zao magotini, wakizungumza nyasi na bei ya ndama. Bafu zote nane zilikuwa zinafuka. Katikati ya hekaheka hiyo akaingia Hilary, mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele zimelowa manyunyu, amebeba keki ya limau kwenye sahani ya bluu.

"Bi Dympna! Nimekuletea hii. Najua leo ni siku yenu kubwa."

"La, la, jamani, usijisumbue."

"Si usumbufu hata kidogo."

"Kaleni wenyewe, mna wageni."

Hilary, ambaye hakulelewa pale, alidhani amekataliwa kweli. Alisita, na karibu ageuke na keki yake. Wakulima wote wakainamia kofia zao kwa aibu. Ikabidi Teasie ainyakue sahani mikononi mwake na kusema, "Ameshakubali huyo, ndivyo anavyokubali."

Watu wakacheka, na Hilary akacheka pia, na kwa sababu alikuwa amefurahi akaongeza, "Na jambo jingine. Mume wangu na mimi tulikuwa tunasema juzi, tunavyopenda kukuona pale mwambani. Tafadhali, ule mwani kata daima. Ruhusa yetu unayo kabisa."

Dympna alihisi neno likimpanda kooni. Lilikuwa pale, limeshavaa viatu. Akauma shavu kwa ndani.

"Wingu lile," akasema, "sidhani litapita bila kunyesha."

"Ndiyo, lakini mwani..."

"Na upepo umegeuka. Ukitoka kusini hivi, ni mvua mpaka Jumatano."

"Mpaka Alhamisi," mkulima mmoja akasahihisha, na benchi zima likaingia katika mjadala wa mvua, na Hilary, baada ya kutabasamu huku na huku, akaaga akaondoka. Dympna aliingia chumba cha mwisho, akakaa ukingoni mwa bafu. Alijiona mshenzi. Hakuwahi maishani mwake kumtoa mtu mlangoni namna ile, mtu aliyemletea keki.

"Umefanya vizuri," Teasie akamwambia.

"Nimefanya vibaya vizuri," akajibu.

Keki ililiwa siku ileile, sahani ikabaki. Na sahani, pale kama kwingine kwa waungwana, hairudi tupu. Ilikaa rafu ya juu jikoni, ya bluu, na Dympna hakuweza kuchemsha birika bila kuiona. Teasie alishauri apeleke jemu, aiweke mlangoni, apige kengele na kukimbia.

"Nina miaka sitini na tisa, nikimbie na jemu?"

"Basi mimi nitaipeleka. Nitasema umekufa."

Wakacheka, lakini sahani haikwenda. Wiki ya kwanza ya Septemba Dympna alichuma matunda meusi ya miibani, akapika jemu, akafunga vifuniko. Tarehe nane habari zikafika kwamba mama yake Hilary amefariki huko Dublin, na kwamba Hilary amekuja peke yake kwenye nyumba ya jabalini kulia mahali asipoonwa.

Hapo hapakuwa na la kujadili. Jirani akifiwa unapeleka kadi ya misa, yenye jina la marehemu na saini ya padri atakayemsomea misa, na kadi haiendi na jina tupu. Unaandika maneno mawili matatu, unataja wema wa mfiwa, ili ajue kwamba msiba umemkuta kati ya watu wanaomjua. Dympna alifundishwa na masista kuandika kadi kama hizo. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mtu yeyote mjini, iliyolala kidogo upande wa kulia, na masista walimpa medali kwa ajili yake mwaka wa mwisho wa shule. Aliketi mezani tarehe tisa asubuhi, Teasie akiwa kwa daktari na magoti yake, akaandika pole, akaandika kwamba mama aliyemlea binti wa namna ile hakuwa mtu mdogo. Kisha akaiona sahani. Akaikumbuka sura ya Hilary siku ile, aliyekuja na wema akarudi na habari za mvua. Aibu ikamjaa. Kalamu yake ikaendelea: asante kwa keki, na kwa ukarimu wenu wa kuturuhusu mwani miaka yote hii, Mungu awalipe. Akatia saini. Juu pembeni akaweka tarehe, kwa kuwa masista walisema barua isiyo na tarehe ni ya mtu asiyejali.

Je, hakukumbuka? Amejiuliza hilo tangu siku ile, wala hajapata jibu. Garvan alikuwa mahali fulani kichwani mwake na maonyo yake. Lakini Garvan alimwonya habari za mazungumzo, na hii ilikuwa pole, na pole ni jambo la Mungu, sheria inaingiaje humo? Alipeleka sahani na jemu na kadi yeye mwenyewe. Hilary alimkumbatia mlangoni akalia begani mwake, na Dympna akarudi nyumbani mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Tarehe ishirini na tisa Septemba ilipita. Teasie alileta chupa ndogo ya mvinyo wa sheri, wakanywa kwa vikombe vya chai, na Garvan akapeleka maombi ya kuandikisha haki. Wakasubiri. Desemba nyumba ya jabalini ikawekewa bango la kuuzwa. Hilary alisema mumewe hapendi tena barabara ndefu, na bila mama yake kuja naye kiangazi hana hamu. Wanunuzi walikuwa kampuni ya kutengeneza mafuta ya ngozi. Mandhari hawakuyatazama hata kidogo, walikuwa wanataka mwamba. Dympna hakuogopa sana. Haki ilikuwa njiani, alikuwa na miaka yake kumi na miwili.

Februari Garvan akampigia simu, akamwomba afike. Hakumwambia akae. Alisukuma mezani karatasi moja, nakala iliyotoka kwa kampuni, na Dympna akaijua kabla ya kuvaa miwani. Hati ilikuwa imelala kidogo upande wa kulia.

"Ni mkono wako?"

"Ndiyo."

"Soma mstari wa nne."

"Najua kilichomo mstari wa nne."

"Siku ishirini, Bi Dympna. Ulikuwa umebakiza siku ishirini." "Na tarehe umeweka. Usingeweka tarehe ningeweza kubishana nao. Ningesema umeandika baadaye. Kwa nini uliweka tarehe?"

Dympna alitazama ile kadi na, Mungu amsamehe, wazo la kwanza lililomjia ni kwamba ile herufi ya kwanza ya jina la marehemu aliichora vizuri sana.

"Nijaribu kukata rufaa?" Garvan akauliza.

"Utashinda?"

"Hapana."

"Basi usihangaike. Asante, Garvan."

Kijana yule, ambaye si kijana tena, akainamisha uso kwenye karatasi zake.

Aliposikia, Teasie hakutukana, na hapo Dympna ndipo alipojua kwamba mambo yamekwisha kweli. Alikaa tu kwenye benchi la wakulima, akavua glavu zake za mpira, akazikunja pamoja. "Miaka arobaini," akasema. "Mwenzangu, mimi nilidhani tutamalizwa na kitu kikubwa."

Mwezi wa Machi mashua ya kampuni ilikuja na mashine ya kukatia. Haikuacha shina la kiganja. Iling'oa mpaka kwenye jiwe, na kwa siku tatu mwamba ukabaki mweupe, umeparwa. Dympna alitazama toka dirishani siku ya kwanza. Siku ya pili na ya tatu alifunga pazia.

Hilary alikuja Jumamosi iliyofuata kuchukua vitu vyake vya mwisho. Aligonga mlango wa bafu saa nne asubuhi. Macho yake yalikuwa mekundu, na maneno yakamtoka kabla hajaingia.

"Sikujua. Naapa sikujua, Bi Dympna. Wakili ameniambia jana. Mtu wa kampuni alikuja kuona nyumba, akaniuliza majirani wakoje, nikamwambia ngoja nikuonyeshe. Kadi zote za msiba nilizihifadhi, na yako ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilimsomea kwa sauti. Nilijivuna nayo! Akaomba aipige picha, nikadhani imemgusa."

Dympna alisimama kizingitini. Nyuma yake bafu nane zilikuwa kavu, na boila ya kutoka kwenye mauzo yale ilikuwa nzima kama siku iliyofungwa. Kifuani alikuwa na maneno, tena mengi. Alikuwa nayo ya tangu Machi ya mwaka jana, ya tangu siku ya saini, mengine ya baba yake na ya babu yake, ya watu waliokufa hawasemezani kwa kikapu kimoja, ambao sasa alianza kuwaelewa. Alitaka kumwambia: ondoka. Alitaka kumwambia: wewe na keki yako. Angeyasema na nani angemlaumu? Mwanamke yule alikuwa anasubiri, karibu anaomba aambiwe, uso ameuleta mbele kama anayengoja kofi.

Dympna akafungua mdomo.

"Asante kwa kuja, mwanangu," akasema. "Na mvua yote hii."